Machela Inayopanda

Jumatatu, 6 Mei 1996

Baridi. Vidole vimekufa ganzi, kalamu nyekundu inaandika inavyotaka yenyewe. Miaka kumi na miwili huku juu milimani na mwili wangu bado unadai jua la kwetu Liuli, kule ziwani.

Nimesahihisha madaftari ya Darasa la Saba. La Otilia nimemalizia nalo, kama kawaida. Silihitaji jina kwenye jalada, linanuka usipa. Mama Fidea hulisafirisha ndani ya kapu lake la samaki kutoka bondeni. Hulifunga kwa nailoni mara mbili, na bado samaki hawakosi kuacha salamu zao. Hesabu kumi, amepata tisa. Kosa lenyewe ni la haraka. Nikamwandikia pembeni: Punguza mbio. Kisha nikaona haya. Mtoto asiyeweza kupanda kilima hata cha hatua ishirini namwambia apunguze mbio.

Rejista ya leo: Otilia, yupo.

Jumanne, 7 Mei

Mama Fidea amefika saa nne, jasho linamtiririka, midomo haikauki maneno. Lori la samaki humshusha bondeni kwenye zahanati, na toka hapo ni saa mbili za kupanda kwa miguu na kapu kichwani. Jumanne na Ijumaa. Nimempa daftari na somo jipya la Maarifa, kurasa nne za mkono wangu. Ameniuliza kama mimi ni mwalimu au karani wa posta. Nikamwambia yeye ndiye posta, tena inayonuka.

Tumecheka. Yeye ndiye mtu pekee huku anayesema Kinyasa, lugha ya kwetu, na mimi.

Jumamosi, 25 Mei

Nimeshuka kumwona Otilia. Magoti yangu yananilaani.

Anakaa kwa Bibi Kandida, bibi mzaa mama, nyumba iko hatua chache tu kutoka zahanati. Ndiyo maana alipelekwa huko. Alikuwa darasani kwangu hadi Darasa la Tano, dawati la mbele, mkono juu kabla sijamaliza swali. Halafu akaanza kuchelewa. Nikamchapa kwa kuchelewa. Naandika hapa kwa sababu hakuna mwingine nitakayemwambia: nilimchapa, na alikuwa amepumzika mara sita njiani ili tu afike. Siku ya tatu midomo yake ilikuwa ya bluu. Dakta wa zahanati akasema ni moyo. Asipande kilima tena.

Basi nikaanza kumwandikia masomo. Hakuna aliyenituma. Na nikaanza kumwekea alama ya yupo kwenye rejista, maana Mwalimu Mkuu alikwisha kusema mtoto asiyeonekana miezi mitatu jina linafutwa. Sasa ni mwaka wa tatu. Nimeongopa kila siku ya shule, asubuhi na mchana, kwa wino.

Leo nimemkuta kajiegemeza dirishani, redio ya bibi yake magotini. Betri zilikuwa zimeanikwa juani juu ya ungo pamoja na mahindi. Amevimba miguu kuliko mwezi uliopita. Nilijifanya sikuona. Aliniuliza kama nikiita majina asubuhi nalisoma na lake.

Nalisoma, nikasema.

"Anaitikia nani?"

Ukweli ni kwamba nikifikia jina lake nanyamaza kidogo, kisha naendelea. Akasema anachotaka ni kuitikia mwenyewe, hata siku moja, wenzake wasikie. Na siku ya mtihani majina huitwa. Kwa hiyo anataka mtihani.

Nimemwahidi. Mdomo wangu huu.

Ijumaa, 14 Juni

Kahawa imeiva na shule imehama. Darasani leo kumi na wanne. Wengine wote wako mashambani wanachuma. Mwaka huu wamekuja wanunuzi binafsi kwa malori yao, wanashindana na chama cha ushirika, na kila mzazi anataka kuwahi kabla lori halijageuza. Siwalaumu. Nawalaumu kidogo.

Aliye mbali ndiye aliyefanya kazi yote. Nilimpa swali la eneo la mraba. Amechora mlima ulio mbele ya dirisha lake, ngolo zote, yale mashimo ya miraba ambayo Wamatengo hulaza majani na kuyafukia udongo ili mvua isiubebe mlima. Amehesabu miraba ya shamba la jirani, akakisia upande mmoja kwa urefu wa mwanamke aliyekuwa akivuna maharage ndani yake, akapata eneo la shamba zima. Chini ameandika: Mwalimu, huyu mama ni mfupi, kwa hiyo shamba linaweza kuwa dogo zaidi.

Nilicheka peke yangu mpaka mke wa Mwalimu Mkuu akachungulia.

Sijawahi kufundisha mtoto kama huyu. Nikimpoteza huyu nitakuwa nimefundisha kwa ajili ya mshahara tu, na mshahara wenyewe haufiki kwa wakati.

Alhamisi, 11 Julai

Siku mbaya.

Afisa wa elimu amekuja kuhakiki majina ya watahiniwa. Mtu mpole, koti kubwa, anakohoa vumbi. Nilijipanga wiki nzima. Nikamweleza kwamba nina mtahiniwa mmoja mgonjwa, moyo, yuko bondeni, naomba msimamizi mmoja ashuke akamsimamie kule zahanati. Alinisikiliza vizuri. Akasema inawezekana, akiona ushahidi wa ugonjwa. Akafungua rejista.

Alipitisha kidole kwenye mstari wa Otilia. Januari. Februari. Machi. Akageuza kurasa. Akaniangalia juu ya miwani.

"Mwalimu, huyu hajakosa hata siku moja. Ndiye mzima kuliko wote hapa."

Nilisimama pale kama mtoto aliyekutwa na mua wa jirani. Nikisema kweli, jina linafutwa na mtihani hakuna. Nikinyamaza, mtihani upo lakini huku juu. Mwalimu Mkuu alikuwa anatazama dari. Anajua. Nikasema labda nimechanganya na mtoto mwingine.

Otilia amesajiliwa. Kilima kiko pale pale.

Nimekosa hamu ya kula.

Jumapili, 14 Julai

Nimeenda kwa baba yake. Nyumba yao iko huku juu, nyuma ya kanisa. Mama Otilia ni mjamzito, miezi mitano hivi, anatembea ameshika kiuno. Jioni wanaume wa ukoo hula pamoja kwa baba mkubwa wa Otilia, sengu wanaita. Kila mke huleta chungu chake, na mambo ya ukoo huamuliwa ugali ukiwa bado na moto. Nilikaa na akina mama karibu na jiko, nikaambiwa niseme nikiwa hapo hapo.

Nikasema yote, nikaomba Otilia apandishwe kwa machela aje kwenye mtihani. Hata rejista. Nilidhani watanitukana. Wanaume wakaendelea kumega.

Baba Otilia akauliza, "Mwalimu, huyu mtoto ni wako au wangu?"

Nikasema wako, baba. Akasema vema, nilitaka kusikia.

Baba mkubwa ndiye aliyekataa. Alisema machela ikishuka ni mgonjwa, ikipanda ni maiti. Toka wazee, machela haijapanda kilima hiki kwa jambo jingine. Kisha mama Otilia, aliyekuwa hajafungua mdomo jioni nzima, akasema kwa Kimatengo maneno mafupi. Nilitafsiriwa baadaye. Alisema mtoto wake hajaomba nguo wala viatu tangu augue, ameomba hili.

Wakakubali. Baba zake wadogo wawili na majirani wawili watambeba.

Nilitembea kurudi nyumbani nikilia na kutabasamu. Mpumbavu.

Jumanne, 6 Agosti

Bibi Kandida ametuma salamu kwa Mama Fidea: mtoto akifa kwa safari hiyo, mwalimu aje achukue mtoto wake kaburini mwenyewe. Hivyo hivyo. Mama Fidea alinong'ona, na Mama Fidea hajui kunong'ona.

Dakta anasema akibebwa na asitembee, moyo utavumilia. Hofu yake ni baridi ya huku. Nimemjibu kwamba nina mablanketi matatu na makaa.

Otilia amejibu maswali hamsini ya Maarifa. Swali la Ziwa Nyasa nimemuuliza makusudi. Ameandika urefu, kina, mito. Kisha pembeni: Sijawahi kuliona. Ni kweli kama unavyosema kwamba upande wa pili hauonekani siku ya ukungu?

Nimemjibu: Siku ya mtihani, pale juu mgongoni mwa mlima, utaliona.

Ahadi ya pili. Sijifunzi.

Jumatatu, 9 Septemba

Naandika haraka, maana nisipoandika leo sitaamini kesho.

Tumeanza kupanda jua likiwa limechomoza. Fito mbili za mwanzi, blanketi, shuka jeupe la Bibi Kandida juu yake kwa sababu ya umande na vumbi. Otilia ndani, amejifunika mpaka kichwani kwa baridi, daftari kifuani. Wabebaji wanne kimya, wanahifadhi pumzi. Mimi nyuma na kibegi cha dawa. Baba yake mbele.

Kosa letu: hatukutuma habari vitongojini. Ukoo ulijua, shule ilijua, na hakuna aliyefikiria walio katikati. Nani hutangaza machela? Machela hujitangaza yenyewe.

Shamba la kwanza, mwanamume mmoja alitua kikapu cha kahawa na kuvua kofia. Nilidhani anatusalimia. Shamba la pili wakatua wote. Halafu nikasikia kilio cha kwanza, sauti ya mwanamke, juu kabisa, na kikaruka kutoka kitongoji hadi kitongoji kikitupita sisi wenyewe. Bibi Anastela, jirani yao wa zamani, akatoka kwenye migomba amejifunga kitenge kiunoni, akajitupa njiani mbele ya machela. Anaita jina la mtoto. Anamwuliza Mungu kwa nini hakumchukua yeye mzee.

Machela ikasimama. Shuka likasogea. Otilia akatoa kichwa.

"Shikamoo, Bibi. Sijafa. Naenda kwenye mtihani."

Bibi Anastela alikaa chini kwenye vumbi mdomo wazi. Kisha akampiga baba Otilia kofi la bega, tena akamfuata mbebaji mmoja mmoja, aliponifikia mimi akaniacha kwa heshima ya ualimu. Otilia alicheka mpaka nikaogopa pumzi yake. Nami nilicheka. Wote.

Lakini nyumbani kwao tulikuta msiba umekamilika. Wanawake wamekaa chini, unga umeletwa, kuni zimeletwa, jiko la mafiga makubwa limewashwa, mama yake kashikiliwa na watu wawili. Alipomwona binti yake anageuza shingo alipiga ukelele ambao sitausahau. Leo ilikuwa siku ya kupima kahawa. Lori la mnunuzi limesubiri, limeondoka nusu tupu, kwa sababu siku ya msiba watu hawafanyi kazi ya shamba. Wengine wamekasirika, nao wana haki.

Baba mkubwa hakucheka. Alisema msiba haufanyiwi mazoezi.

Nimesahau jambo kubwa. Juu kabisa mgongoni, kabla ya kushukia kijijini, Otilia aliwaambia wabebaji wasimame. Anga lilikuwa safi. Ziwa lilikuwa pale chini kabisa, ukanda mwembamba, rangi ya bati. Akalitazama. Akasema ni dogo kuliko nilivyoandika.

Nikasema ni sisi tuko juu.

Jumanne, 10 Septemba

Sisi walimu wa shule haturuhusiwi kukaribia chumba cha mtihani. Nimesimama kwenye bustani ya mchicha, nikajidai napalilia. Askari mwenye bunduki ananitazama.

Msimamizi akaanza kuita. Jina moja moja. Nilijua mpangilio kwa moyo, nimeusoma miaka mitatu. Nilipojua linalofuata ni lake nikaacha kupalilia.

"Nipo!"

Sauti nyembamba. Ilipasuka katikati. Lakini ilitoka.

Baadaye nimefungua rejista nikamwekea alama ya yupo, sawa na zile mia kadhaa zilizotangulia. Hakuna atakayejua kwamba hii ni ya kweli.

Jumatano, 11 Septemba

Hisabati leo. Ametoka anatetemeka, midomo si rangi yake. Chumba ni cha sakafu ya saruji na dirisha moja halina kioo, na kiti chake kilikuwa karibu nalo. Mtu mjinga gani alipanga? Mimi ndimi niliyeomba awekwe karibu na hewa.

Anasema maswali yalikuwa rahisi. Namwamini.

Alhamisi, 12 Septemba

Wamemshusha. Safari hii njiani watu walipiga makofi. Bibi Anastela alimpa ndizi mbivu na kumwambia asimtanie tena maana moyo wake nao ni mzee. Watoto wakaifuata machela wakiimba wimbo wa shule.

Nilibaki. Nina Darasa la Tatu. Wa Saba wameshamaliza shule, dawati la mbele ni tupu kwelikweli, na nimegundua kwamba kwangu limekuwa tupu siku zote.

Ijumaa, 4 Oktoba

Mama Fidea anasema Otilia anakohoa tangu ashuke. Amepewa dawa. Analala ameketi, mito mitatu.

Tangu ashuke. Maneno hayo mawili.

Jumamosi, 19 Oktoba

Nimeshuka. Amekonda usoni na kuvimba kote kwingine. Bibi Kandida hakunijibu salamu. Nilisema shikamoo mara mbili, akaendelea kupeta maharage. Nimestahili.

Otilia ndiye aliyenitetea. Alimwambia bibi yake, "Mwalimu hakunibeba, nilijibeba mwenyewe." Halafu akaniuliza masomo ya kidato cha kwanza yanafananaje. Nikamwambia matokeo bado. Akasema najua, lakini nisipochaguliwa nitakuwa nimejua, na nikichaguliwa nitakuwa nimewahi. Anataka Kiingereza. Anataka kila kitu.

Nimemwahidi nitaanza kutuma Jumanne. Mkono wake nilipoushika ulikuwa wa baridi kuliko wangu, na wangu umetoka mlimani.

Jumanne, 22 Oktoba

Nimetuma somo la kwanza la Kiingereza. Sentensi ishirini za kukamilisha. Nimekopa kitabu kwa paroko. Mimi Mwanglikana nimegonga mlango wa paroko. Otilia amenifikisha mbali.

Jumatatu, 18 Novemba

Mvua imeanza. Wanaume wamemaliza kufyeka, watu wanapanda mahindi kwenye ngolo. Mama Fidea hajaonekana wiki mbili. Nasikia ana malaria, yuko kwao ziwani. Hivyo daftari halijaja. Sina namna ya kujua lolote.

Jumamosi nitashuka mwenyewe, mvua au jua.

Jumatano, 20 Novemba

Otilia amefariki leo alfajiri.

Ijumaa, 22 Novemba

Ni lazima niandike. Nisipoandika litanizunguka kichwani mpaka Krismasi.

Juzi nililetewa habari kwa siri nikiwa darasani, nikaacha chaki, nikashuka bila kuaga. Mama yake yuko huku juu na mtoto mchanga wa wiki mbili. Hakuwa anajua. Baba Otilia, aliyekuwa bondeni tangu Jumapili, akasema hataki kilio njiani. Akawaomba wanawake wa bondeni walie hapo hapo, wamalize. Alitaka afike yeye kwanza nyumbani, amwambie mkewe kwa mdomo wake, asipokee habari kwa kelele za mlimani kama mwezi wa tisa. Jambo la busara. Nilimsifu moyoni.

Tukapanda kimya. Fito zile zile. Shuka lile lile la Bibi Kandida. Wabebaji wale wale, na mimi nyuma na kibegi kile kile, sijui nilikibebea nini.

Shamba la kwanza walikuwa wanalima. Mwanamume yule wa kofia akainua mkono akatupungia. Akaendelea kulima.

Nilifikiri hakuona vizuri. Shamba la pili wakatupungia wote. Mmoja akapiga kelele, "Mwanafunzi huyo! Mtihani gani tena?" Wengine wakacheka. Majembe yakapanda, yakashuka. Hakuna aliyetua jembe. Baba Otilia alikuwa mbele, sikuuona uso wake, niliona shingo tu, na shingo ilikuwa imeinama. Alikuwa ameapa asiseme mpaka afike. Wabebaji wakaongeza mwendo.

Mlima mzima hivyo. Watu wanafurahi kutuona. Watoto wawili wakaanza ule wimbo wa shule na kutufuata, na sisi watu wazima sita hatukuwa na mmoja wa kuwaambia nyamazeni.

Kwenye migomba Bibi Anastela akatoka. Alikuwa na jembe begani na anacheka kabla hatujafika. Akasimama katikati ya njia, mkono kiunoni.

"Safari hii hamnidanganyi!"

Baba Otilia akampita. Hakuweza kusema. Wabebaji wakampita. Yeye akawa anatembea kando ya machela, anaigongagonga fito kwa vidole, anamwambia Otilia atoke, asijifiche, ndizi zipo. Nikamfikia. Nikamshika mkono wenye jembe.

Nikasema, "Bibi, safari hii ni kweli."

Alinitazama. Hakulia. Kilio chote alikuwa amekitoa mwezi wa tisa. Alilitua jembe chini taratibu, kama mtu anayelaza mtoto, akafungua kitenge akajifunga kiunoni, akaungana nasi nyuma. Nilipogeuka kutazama chini, wa shamba la karibu walikuwa wamemwona Anastela. Wakatua. Halafu wa chini yao wakawaona wa juu yao. Majembe yakatuliwa kuelekea bondeni, shamba kwa shamba, tukiwa tumeshapita.

Juu mgongoni wabebaji walisimama wenyewe, bila kuambiwa. Ukungu. Ziwa halikuonekana.

Tumemzika jana. Unga haukuletwa mwingi. Walikuwa wameshaleta.

Jumapili, 24 Novemba

Nimemwuliza dakta, aliyekuja mazishini, kama ni safari ile iliyomuua. Alisema moyo ule ulikuwa umekwisha siku nyingi, pengine angefika Pasaka, pengine asingefika. Alisema nisijitese.

Pengine Pasaka. Ni miezi minne hiyo. Mimi nimeitumia kwa neno moja, nipo.

Namkasirikia afisa, ambaye hakukosea kitu. Namkasirikia Mwalimu Mkuu na dari yake. Hasira juu yangu mimi mwenyewe ndiyo inayobaki nikimaliza hao. Kama ningeandika kweli tangu mwanzo, hayupo, hayupo, hayupo, pengine jina lingefutwa. Pengine mtu angesoma hayo yote akauliza, huyu mtoto yuko wapi? Sikumpa mtu nafasi ya kuuliza.

Jumatano, 27 Novemba

Mwalimu Mkuu amenipa rejista ya Darasa la Saba nikamilishe kabla ya kufungwa. Safu ya mwisho: amemaliza, amehama, amefariki. Nikaandika ya Otilia. Nikarudi nyuma nitazame ile mistari yote mizuri, mwaka mzima, yupo, yupo. Kati ya zote, siku mbili tu.

Nilikuwa nimeshika wembe wa kukwangua. Nikauweka. Nikamrudishia rejista ilivyo.

Mama Otilia amepita barabarani na kichanga mgongoni. Nilijificha nyuma ya mlango. Akabisha hodi hata hivyo. Alikuwa ameniletea maharage. Amesema mtoto hajapewa jina bado, baba yake anangoja, hajui anangoja nini.

Jumanne, 3 Desemba

Mvua asubuhi, kisha jua. Mama Fidea amerudi. Amepungua, kanga inamzunguka mara mbili. Alishapata habari bondeni. Tukakaa kwenye kizingiti, hatukusema hata Kinyasa.

Akafungua kapu. Chini ya usipa, daftari la Otilia, nailoni mara mbili. Bibi Kandida alikuwa amelihifadhi wiki zote hizo, akingoja posta ipone. Sentensi ishirini za Kiingereza. Tarehe ya juu ni ya wiki ile ya mwisho. Mwandiko umeyumba kuanzia ya kumi na mbili, lakini zote zimejazwa.

Nimeingia ndani nikachukua kalamu nyekundu. Nikasahihisha. Kumi na nane. Makosa mawili ni yale ambayo kila anayeanza huyafanya. Nikaandika jibu sahihi pembeni ya kila moja, nikatia sahihi na tarehe.

Mama Fidea alikuwa amesimama mlangoni, kapu kichwani tayari. Ameniuliza kama kuna daftari la kurudisha.

Nikampa.